Jinsi ya kupima let-7 bila kuwachanganya ndugu

Daftari langu la maabara lina ukurasa mmoja nilioukata kwa wino mwekundu. Juu yake nimeandika kwa mkono wa mtu mwenye furaha: "let-7a imepanda mara tatu." let-7 ni ukoo wa RNA ndogo ndani ya seli, na let-7a ni ndugu mmoja tu kati yao. Nilikuwa nimepima seli zinazokomaa, nikarudia, nikarudia tena, na kila mara mstari ukapanda vilevile. Nikaenda kuonyesha. Mwenzangu wa meza ya pili aliuangalia mchoro kidogo tu, akaniuliza, "Dada, hii ni let-7a, au ni let-7 tu?"

Sikuwa na jibu. Nililipata baada ya wiki kadhaa: sehemu kubwa ya kile nilichokiita let-7a ilikuwa let-7c. Mashine ilikuwa nzima, kemikali zilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeuliza swali moja na kupima jingine.

Hatua zilizo hapa chini ndizo ninazofuata tangu siku ile. Nimeziandika kwa mtu anayejua kushika pipeti na amewahi kufanya PCR (kunakili DNA mara nyingi ili ipimike), lakini hajawahi kukutana na ukoo wa RNA ndogo ambazo zimefanana kama mapacha.

Kwanza, waandike kwenye karatasi

let-7 ni mikroRNA, yaani uzi mfupi wa RNA wenye herufi kama 22 ambao hautengenezi protini. Kazi yake ni kuzizuia jeni nyingine. Unakaa ndani ya protini iitwayo Argonaute na kuiongoza hadi kwenye RNA za ujumbe zenye mahali panapolingana nao. RNA hizo huvunjwa, au huachwa zikae bila kusomwa kuwa protini.

MikroRNA ya kwanza, lin-4, ilielezwa mwaka 1993 katika mnyoo mdogo C. elegans, na maabara za Victor Ambros na Gary Ruvkun. Kwa miaka kadhaa wengi waliichukulia kama kioja cha mnyoo. Mwaka 2000 maabara ya Ruvkun ikaieleza let-7, na kabla mwaka haujaisha ikaonekana kwamba let-7 ipo pia kwa nzi, kwa konokono wa baharini, kwa samaki na kwa binadamu. Ambros na Ruvkun walipewa Nobel ya tiba mwaka 2024 kwa kazi hiyo. Jina "let" limetoka kwenye neno la Kiingereza lenye maana ya kuua, kwa sababu mnyoo aliyekosa let-7 hupasuka na kufa anapoingia utu uzima.

Historia inatosha. Chukua karatasi, andika ndugu tisa wa binadamu mmoja chini ya mwingine, herufi juu ya herufi. Usichapishe. Andika kwa mkono, kwa sababu mkono huona kile ambacho jicho linakiruka:

let-7a: UGAGGUAGUAGGUUGUAUAGUU
let-7b: UGAGGUAGUAGGUUGUGUGGUU
let-7c: UGAGGUAGUAGGUUGUAUGGUU
let-7d: AGAGGUAGUAGGUUGCAUAGUU
let-7e: UGAGGUAGGAGGUUGUAUAGUU
let-7f: UGAGGUAGUAGAUUGUAUAGUU
let-7g: UGAGGUAGUAGUUUGUACAGUU
let-7i: UGAGGUAGUAGUUUGUGCUGUU
miR-98: UGAGGUAGUAAGUUGUAUUGUU

Sasa chukua kalamu ya rangi, zungushia kila herufi isiyofanana na ya let-7a. Utapata hivi: let-7c inatofautiana mahali pamoja tu, herufi ya 19. let-7e pamoja tu, herufi ya 9. let-7f pamoja tu, herufi ya 12. let-7b mahali pawili, 17 na 19. let-7d pawili, 1 na 16. let-7g pawili, 12 na 18. miR-98 pawili, 11 na 19. let-7i ndiyo iliyotoka mbali kidogo, mahali panne: 12, 17, 18 na 19.

Usishangae kuona miR-98 imeingia humu kwa jina la nje. Ni ndugu wa damu. Alipewa jina kabla ukoo haujapangwa. Usimtafute let-7h kwa binadamu pia, hayupo. Herufi hiyo utaikuta kwa samaki wengine.

Karatasi hii bandika ukutani mbele ya meza yako. Yangu imeshachakaa pembeni kwa vidole vyenye glavu.

Jina lina habari, lisome lote

Ukiona hsa-let-7a-5p, hsa ni binadamu, cel ingekuwa mnyoo C. elegans, mmu ni panya wa maabara. Herufi ya "a" inasema ni ndugu yupi. 5p inasema uzi umetoka upande wa kushoto wa kipini, yaani RNA iliyojikunja yenyewe, ambamo ulikatwa. 3p ni upande wa pili, na kwa ukoo huu 5p ndiyo iliyo nyingi na ndiyo watu wanayoimaanisha wakisema let-7 bila kuongeza kitu.

Namba ya mwisho ndiyo inayowaponza wanafunzi. let-7a-1, let-7a-2 na let-7a-3 ni jeni tatu tofauti, kwenye kromosomu 9, 11 na 22, lakini zinatoa uzi uleule, herufi kwa herufi. Ukipima uzi uliokomaa huwezi kujua umetoka jeni ipi. Anayetaka kujua hilo apime RNA ndefu ya mwanzo, ile inayonakiliwa kabla ya kukatwa. Ukihesabu jeni zote, hao tisa wanatoka kwenye jeni 12.

Amua unamtafuta nani: ukoo, au mtu mmoja?

Hatua hii haina kemikali yoyote, na ndiyo niliyoiruka.

Rudi kwenye karatasi. Angalia herufi ya 2 hadi ya 8 kwa ndugu wote: GAGGUAG. Wote tisa. Hakuna hata mmoja aliyepotoka. Kipande hicho kinaitwa mbegu, na ndicho kinachoamua kwa sehemu kubwa ni RNA zipi za ujumbe zitakamatwa. Mnyoo mmoja maarufu wa maabara ana let-7 iliyobadilika herufi moja tu, ya tano, G kuwa A, yaani ndani ya mbegu. Badiliko hilo peke yake linatosha kuiharibu kazi yake.

Maana yake ni kwamba machoni pa RNA ya ujumbe, ndugu hawa wanafanana sana. Kama swali lako ni "je, jeni hii inazuiwa na let-7?", basi swali lako ni la ukoo, na haina maana kuhangaika na a au c, unahitaji jumla yao. Kama swali lako ni "je, jeni ya let-7c imewashwa?", hilo ni swali la mtu mmoja, na kila hatua inayofuata lazima iweze kumtenga na wengine. Andika jibu juu ya ukurasa kabla ya kuyeyusha sampuli ya kwanza. Mimi huandika neno moja tu: UKOO au MMOJA.

Kutafuta mahali pa kushikia, kwa penseli

Ukiwa na swali la ukoo, unaweza kuanza bila kompyuta. Chukua mbegu GAGGUAG, igeuze nyuma-mbele, halafu weka jozi ya kila herufi: G na C, A na U. Unapata CUACCUC. Hicho ndicho unachokitafuta kwenye mkia wa RNA ya ujumbe, ile sehemu ya mwisho isiyosomwa kuwa protini. Katika faili za DNA itaandikwa CTACCTC, maana DNA hutumia T palipo na U.

Kisha angalia herufi inayofuata mara tu baada yake. Ikiwa ni A, mahali hapo pana nguvu zaidi: CUACCUCA, herufi nane. Hapa watu hukosea. Wanadhani A hiyo ipo kwa sababu let-7 nyingi zinaanza na U, kwa hiyo U na A zinaoana. Sivyo. Argonaute ina kijishimo cha kuishika A hiyo ya RNA ya ujumbe, na herufi ya kwanza ya mikroRNA haiulizwi. Ndiyo maana let-7d, inayoanza na A, nayo hupenda A ileile.

Ngazi yake ni hii: herufi nane zenye A ndizo kali, kisha saba za CUACCUC, kisha saba za UACCUCA, na mwisho sita za UACCUC, ambazo mimi huzihesabu kama uvumi mpaka zithibitishwe.

Halafu piga hesabu ya bahati nasibu. Neno la herufi saba hutokea kwa bahati mara moja katika kila herufi 16,384. Mkia wa herufi 1,000 kwa hiyo una nafasi kama 6 kwa 100 ya kuwa nalo bila sababu yoyote. Ukipekua jeni 10,000 utakuta mamia yaliyojitokeza tu. Kwa hiyo mahali pamoja si ushahidi. Angalia kama mahali hapohapo pamebaki vilevile kwa panya, kwa ng'ombe, kwa kuku. Mageuzi huhifadhi kinachotumika.

Kwa mazoezi, tumia jeni ya HMGA2 ya binadamu. Mkia wake una herufi kama 3,000, na una mahali pa let-7 saba. Saba! Kwa bahati tupu ungetegemea chini ya pamoja. Wanaojifunza kwangu huwapa mkia huo uliochapishwa na kalamu ya rangi kabla sijawaonyesha programu yoyote. Mfano mwingine ni jeni ya lin-41 ya mnyoo, yenye mahali pawili palipokaribiana, na ndiyo iliyowafundisha watu jinsi let-7 inavyofanya kazi.

Kutoa RNA: usimwage ulichokuja kukitafuta

Vichujio vingi vya kawaida vya silika vimetengenezwa kushika RNA yenye zaidi ya herufi 200. RNA ndogo hupita na kuanguka kwenye kijichupa cha chini, kile tunachokimwaga bila kukitazama. Nilifanya hivyo mwezi wangu wa kwanza. Nilikuwa na RNA safi ajabu, namba nzuri kwenye mashine, na let-7 karibu sifuri kwa sampuli zote kumi na mbili. Nilikuwa nimeimwaga kwenye sinki.

Dawa ni etanoli. Kabla ya kupitisha kwenye kichujio, ongeza etanoli safi kiasi cha mara moja na nusu ya ujazo wa kimiminika chako, badala ya kipimo kidogo cha RNA ndefu. Hapo RNA ndogo nayo hunata. Ukitumia fenoli na klorofomu kisha ukaigandisha RNA kwa isopropanoli, osha kwa etanoli ya asilimia 80, si 70 wala 75, maana maji yakizidi, RNA fupi huanza kuyeyuka na kuondoka. Sampuli ikiwa ndogo, weka glikojeni kidogo ili donge lionekane na lisipotee.

Wala usitegemee namba inayoonyesha kwamba RNA ndefu haijavunjika. Hiyo inakuambia habari za ribosomu. Kuhusu let-7 haisemi neno.

Kwa damu kuna mtego wake. Chembe nyekundu zimejaa mikroRNA, hasa miR-451a, na zikipasuka wakati wa kuchota au kutenganisha, kila kitu kinapanda. Tazama plazima (majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe) kwenye mwanga: ikiwa na rangi ya waridi, andika hivyo, na pima miR-451a kabla ya kuiamini.

Praima yenye kitanzi, na mahali nilipoanguka

Praima ni kipande kifupi cha DNA ambapo kunakili huanzia, na njia ninayoitumia zaidi ni ya praima yenye kitanzi. Praima hiyo imejikunja yenyewe kama kipini, na mwisho wake kuna herufi sita zilizo wazi zinazoshika herufi sita za mwisho za mikroRNA. Kimeng'enya kinaanzia hapo kunakili RNA kuwa DNA, na kile kitanzi kinaongeza urefu ili PCR ipate mahali pa kufanyia kazi. Kwa kuwa ni herufi sita tu zinazoshika, hatua hii huanza baridi: nyuzi joto 16 kwa dakika 30, kisha 42 kwa dakika 30, kisha 85 kwa dakika 5 kukiua kimeng'enya. Nanogramu 10 za RNA zinatosha.

Sasa rudi ukutani, kwenye karatasi, na soma herufi sita za mwisho tu.

let-7a: AUAGUU. let-7d: AUAGUU. let-7e: AUAGUU. let-7f: AUAGUU.

Umeona? Praima ya kitanzi ya let-7a inawashika wanne kwa nguvu ileile, bila kosa lolote. Kuwatenga kunabaki kazi ya praima ya mbele kwenye PCR, ile inayosoma mwanzo wa uzi. let-7f anatofautiana kwenye 12, kwa hiyo unaweza kuisimamisha ncha ya praima palepale kwenye 12, kwani ncha ikikosa jozi kimeng'enya husita. let-7d ana 16, ncha ifike hapo. let-7e ndiye msumbufu: tofauti yake iko kwenye 9, na praima inayoishia 9 ni fupi mno mpaka uiongezee mkia wenye G na C nyingi upande wa nyuma ili ishike.

Na let-7c? Herufi zake sita za mwisho ni AUGGUU, tofauti moja na a. Nilidhani inatosha. Lakini andika praima ya let-7a, AACTAT, uilaze juu ya let-7c. Jozi zote zinaoana isipokuwa moja, ambapo T ya praima imekutana na G ya RNA. Na T na G, wale wanaofanya kazi na RNA wanajua, huvumiliana. Hazipendani kama G na C, ila hushikana kwa kulegalega, na kwa nyuzi joto 16 kulegalega kunatosha. Kwa hiyo praima ya let-7a inamshika let-7c. Kinyume chake si kweli kwa kiwango hicho: praima ya let-7c, AACCAT, ikilazwa juu ya let-7a, inakutanisha C na A, ambazo hazielewani. Kosa linakwenda upande mmoja zaidi. let-7b naye hushikwa na praima ya a kwa T na G mbili, moja ikiwa kwenye ncha kabisa, kwa hiyo hushikwa kidogo ingawa hatakiwi, lakini si kama c.

Ili kulijua hili kwa namba, nunua RNA tisa za kutengenezwa, moja kwa kila ndugu, kiasi sawa. Jaribu kila praima juu ya kila RNA. Ni majaribio 81, siku mbili za kazi, na hutayarudia mpaka ubadilishe praima au kimeng'enya. Andika mzunguko wa PCR ambao kila moja imeonekana. Kila mzunguko mmoja wa kuchelewa ni nusu ya kiasi. Praima ikimwona ndugu asiye wake mizunguko 7 baadaye, inamkamata kwa sehemu 1 ya 128, chini ya asilimia 1. Nzuri. Kwangu, praima ya let-7a ilimwona let-7c mizunguko 4 tu baadaye: sehemu 1 ya 16.

Sehemu 1 ya 16 si mbaya kama ndugu wako sawa kwa wingi. Ila seli zangu zilikuwa na let-7c karibu mara 30 ya let-7a. Piga hesabu: 30 gawa kwa 16 ni karibu 2. Kwa kila kipimo kimoja cha let-7a ya kweli, praima yangu ilikuwa inaongeza viwili vya let-7c. Theluthi mbili za mstari wangu mzuri zilikuwa za mtu mwingine.

Kwa hiyo jedwali la 81 peke yake halitoshi. Linganisha na wingi wa kila ndugu kwenye sampuli yako halisi. Na kuna ukaguzi wa bei rahisi ninaoupenda: waulize majirani. Jeni ya let-7c iko kwenye kromosomu 21 pamoja na jeni za mikroRNA nyingine mbili, miR-99a na miR-125b. Zinanakiliwa pamoja. Kama let-7c imepanda kweli kwa sababu jeni imewashwa, miR-99a nayo mara nyingi itapanda, na miR-99a haifanani na let-7 hata kidogo, kwa hiyo praima haiwezi kukudanganya. Kwangu miR-99a ilikuwa imepanda. Ningeipima mwezi mmoja kabla, ningejua.

Kitu cha kulinganishia

Kwa seli, watu wengi hulinganisha na U6, RNA ndogo ya ndani ya kiini cha seli. Inakubalika, ila U6 ni ndefu kuliko mikroRNA mara kadhaa na hutolewa na kuvunjwa kwa njia nyingine, kwa hiyo mimi huongeza mikroRNA mbili au tatu zisizobadilika kwenye seli zangu. Kwa plazima usitumie U6 kabisa. Badala yake ongeza kiasi kinachojulikana cha RNA ya kutengenezwa, mara baada ya kuvunja sampuli. cel-miR-39 ya mnyoo ndiyo inayotumika sana kwa kuwa binadamu hana.

Nimewahi kuona mtu akipendekeza kwa nia njema kutumia cel-let-7 kwa kazi hiyo, maana "nayo ni ya mnyoo". Iandike chini ya let-7a ya binadamu kwenye karatasi yako. Herufi zote 22 ni zilezile.

Ukisoma kwa mashine ya mfuatano

Kusoma mfuatano, yaani herufi za kila uzi moja baada ya nyingine, huwatenga ndugu vizuri kuliko PCR, mradi uwe mkali. Kata adapta, vile vipande vinavyoungwa kwenye ncha za uzi kabla ya kusomwa, kisha tupa usomaji ulio mfupi. Kwa nini? let-7a iliyopungua ncha na kubaki herufi 18 ni UGAGGUAGUAGGUUGUAU. let-7c iliyopungua hivyohivyo ni UGAGGUAGUAGGUUGUAU. Herufi pekee iliyowatenga, ya 19, imekwenda. Programu italazimika kuchagua, na nyingine huchagua kwa bahati nasibu bila kukuambia.

Usiruhusu kosa hata la herufi moja unapolinganisha, maana kosa moja la mashine kwenye 19 linamgeuza a kuwa c. Usomaji wa let-7a utalingana na jeni tatu. Uhesabu mara moja, usiugawe wala usiuzidishe. Na usilinganishe wingi wa ndugu wawili ndani ya sampuli moja kana kwamba ni ukweli mtupu: kimeng'enya kinachounga adapta kina upendeleo, ncha fulani kinazipenda kuliko nyingine. Linganisha ndugu yuleyule kati ya sampuli na sampuli.

Kumzima nani?

Ukitaka kuona let-7 inafanya nini, usifute jeni moja ukategemea mabadiliko makubwa. Wengine wanaziba pengo, maana mbegu ni ileile. Hata mnyoo ana ndugu wa let-7: mir-48, mir-84 na mir-241. Kwa swali la UKOO tumia RNA ya mtego yenye mahali pengi pa let-7, ambayo huwanasa wote, au kizuizi kifupi cha herufi nane kinacholenga mbegu yenyewe. Kwa swali la MMOJA hapana njia ya mkato. Futa jeni, kisha pima wote tisa uhakikishe ni mmoja tu aliyepungua.

Ulinganisho wa kweli ni mtego uleule wenye mbegu iliyoharibiwa herufi mbili au tatu. Mtego wa mfuatano wowote uliobahatisha hauridhishi.

Na ukikuta RNA ndefu ya mwanzo ipo tele lakini let-7 iliyokomaa haipo, usiilaumu pipeti yako mpaka upime LIN28. Protini hii hukaa kwenye kitanzi cha let-7 changa, huita vimeng'enya vya kuibandika mkia wa U, na mkia huo ni kibali cha kuvunjwa. Seli shina za kiinitete zina LIN28 nyingi. Zinapokomaa hupungua, na let-7 hupanda, karibu ukoo mzima kwa pamoja. Seli zangu zilikuwa hizo. Nilipozipima upya, wote tisa walikuwa wamepanda, c zaidi ya wengine, na let-7a ya kweli imepanda mara moja na nusu tu.

Ukurasa wenye wino mwekundu sikuuchana. Pembeni yake nimebandika jedwali la 81, na chini nimeandika tena matokeo kwa wino wa bluu: "let-7, UKOO, imepanda. Angalia c."